Muulize Fundi: Pikipiki ukishaiosha unaikaushaje isibaki na madoa?

Mbukwenyi wasomaji. Maswali ya safari hii karibu yote yameangukia kwenye kuosha na kukausha pikipiki, na siwashangai, huu upepo wa kipupwe na vumbi lake hapa Dodoma umetushika wote, unaosha asubuhi jioni chombo kina rangi ya udongo. Nimeyapanga, lile refu nimeliweka mwanzo kwa sababu ndani yake kuna majibu ya wengi.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni dereva boda hapa Nkuhungu, naendesha Boxer nyeusi ya bosi. Bosi anapenda usafi balaa, jumapili akija kuchukua hesabu anataka aikute inang'aa. Naiosha mwenyewe nyumbani kwa maji ya bomba na sabuni ya unga, nikimaliza naianika juani, lakini ikishakauka tenki lote na zile plastiki za pembeni zinajaa madoa meupe madogomadogo, bosi anasema naimwagia maji tu siioshi. Kijiweni kila mtu ana lake, mmoja anasema ikimbize barabara ya Singida upepo utaikausha, mwingine anasema peleka kwa mziba pancha aipulize na kompresa, mwingine yeye anafutia dizeli na kweli yake inawaka. Nifuate ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie bosi unaosha, tatizo liko kwenye kukausha. Alafu hapa kwetu kukausha kwenyewe sio kazi, jua la Dodoma na hewa ilivyo kavu vinaondoa maji chap kabla hata hujakunja mpira, mvua yenyewe tunapata milimita kama 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Ishu ni kile ambacho maji yanakiacha yakiondoka. Maji yetu mengi ya bomba yanatoka visima virefu vya Mzakwe, ni maji magumu, yana madini ya chokaa, chungulia tu ndani ya birika la nyumbani kwako utaona ule ukoko mweupe chini. Sasa kila tone ulilolianika juani kwenye tenki, maji yanaruka hewani, chokaa inabaki pale pale ina umbo la tone. Ndio hayo madoa. Na kwenye rangi nyeusi hayana pa kujificha.

Kwa hiyo kanuni yako ni moja, maji yaondoke kwa mkono wako kabla jua halijayaondoa. Mengine yote yanafuata hapo.

Osha kivulini na asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kuamka. Mchana upepo unaleta vumbi linatua kwenye chombo kibichi, ukifuta hapo unasugua rangi kwa mchanga. Mwarobaini una kivuli kizuri ila angalia juu kwanza kama ndege hawajaugeuza nyumba. Injini iwe imepoa, ukiweza kuweka kiganja kwenye mapezi ya injini bila kutoa mkono haraka basi endelea, tofauti na hapo maji yanakaukia kwenye chuma cha moto na hizo chokaa zinaganda vibaya kuliko za tenki, tena kuzitoa ni shughuli.

Sabuni ya unga achana nayo, ile imetengenezwa kutoa uchafu kwenye nguo, inaondoa hadi ile waksi inayolinda rangi na usiposuuza vizuri na yenyewe inaacha utando wake. Shampuu ya gari kifuniko kimoja kwenye ndoo inatosha. Alafu suuza ya mwisho, hapa ndipo wengi mnapokosea, mnarusha maji kwa kasi yanapasuka kuwa matone elfu. Toa kile kichwa cha kwenye mpira, au chukua kopo, mimina maji taratibu kuanzia juu ya tenki yashuke kwa pamoja. Angalia vizuri utayaona yanateremka kama shuka linalovutwa, nyuma yake panabaki matone machache sana. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi ya kitambaa. Na kama una pipa la maji ya mvua uliyokinga masika, hayo ndio ya suuza ya mwisho, hayana chokaa. Ukiwa huna, nunua yale maji ya betri pale sheli, sio asidi yake, hayo yamechujwa madini, tia kwenye kichupa cha kupulizia upulizie tenki na taa tu, sio pikipiki nzima utafilisika.

Sasa kitambaa. Vile vya maikrofaiba ndio bora, vina nyuzi fupi laini zinazonyonya maji na kubeba mchanga usikwaruze. Ile ngozi ya bandia inayouzwa ndani ya kopo refu la plastiki nayo nzuri, ila ikikauka inakakamaa, lazima uilowanishe na kuikamua kwanza, ukiifuta kavu inachora rangi. Fulana kuukuu ya pamba inafaa kama haina maandishi ya plastiki wala vifungo. Tambara la jinzi, gunia na sponji la ndoo usiguse tenki. Uwe na vitambaa viwili, kimoja cha juu, yaani tenki, taa, mita, siti na plastiki, kingine cha chini, rimu, injini na bomba la ekzosi, na cha chini kisipande juu hata siku moja kwa sababu kina mchanga na grisi. Usisugue kwa kuzungusha, kilaze kitambaa juu ya maji kisha kivute kuelekea kwako, kikilowa kamua, endelea. Anza na saiti mira, zile zinaficha maji ndani ya gamba lake, ukizisahau unamaliza kila kitu alafu zinakudondoshea michirizi kwenye tenki ulilolifuta.

Ukishafuta ipande, itikise mbele nyuma shokapu zicheze, ilaze kidogo kushoto kisha kulia, maji yaliyojificha chini ya siti na nyuma ya taa yatatoka. Iweke dabo stendi, iwashe ikae sailensa, yaani ingurume yenyewe bila kuipa mafuta, dakika tano hivi, joto la injini litamaliza kwenye mapezi na kwenye kofia ya plagi ambako mkono haufiki.

Hapo ndipo unakuja ushauri wa yule wa barabara ya Singida. Hajakosea, amekosea mpangilio tu. Ukiikimbiza ikiwa bado inadondosha maji, upepo unasukuma matone yanakaukia kwenye tenki, na vumbi la njiani linakamatwa na ubichi, unarudi mbaya kuliko ulivyotoka. Lakini ukishaifuta, mzunguko mfupi wa lami ni dawa kweli, ekzosi inapata moto inatoa maji yaliyoingia, tairi zinakamua. Pita lami tu, Nkuhungu mitaa ya ndani vumbi unalijua. Na kabla hujaingia barabara kubwa jaribu breki, diski iliyolowa haishiki vizuri mibano ya kwanza, na breki za ngoma ndio kabisa maji yakiingia ndani yanakaa. Nenda mwendo wa bajaji ukibana kidogokidogo mpaka usikie inashika kama kawaida yake, usimpakie abiria kabla ya hapo, mteja katoka kwenye treni anawahi Mtumba na suti yake, wewe ndio unajifunza breki kwenye kona naye.

Ukirudi pitisha kitambaa tena haraka, kuna matone lazima yatakuwa yametoka mafichoni.

Wa dizeli mwambie aache. Inang'aa siku hiyohiyo kwa sababu ni mafuta, kesho yake vumbi lote la mtaa limehamia kwake, na dizeli inavimbisha raba na kulegeza zile sili na mipira. Tena kuna wengine wanapaka vilainishi vya kung'arisha tairi mpaka pale tairi linapogusa barabara, huyo anatafuta kuanguka, paka pembeni tu kama lazima upake, mimi hata pembeni sipendi. Kompresa nimeieleza kwenye swali la mwenzako hapo chini.

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nina kijiwe cha woshi Kibaigwa, msimu wa mazao pikipiki zinakuja nyingi mpaka zinapanga foleni. Nimenunua kompresa iliyotumika kwa mtu aliyefunga gereji, nataka niwe nawakaushia wateja kwa upepo badala ya kufuta, inaokoa muda. Kuna mzee mmoja fundi kanambia nitawaulia beringi. Ni kweli au ananionea wivu?

JIBU: Mzee anakusemea kweli ila hajamalizia. Upepo wa kompresa ni mzuri kuliko kitambaa kwenye sehemu ambazo kidole hakipiti, mfano kwenye mapezi ya injini, kuzunguka nati, kwenye spoku zinapoingia kwenye rimu, pembeni ya swichi za usukani, kwenye tundu la ufunguo, na kile kibonde kinachozunguka kifuniko cha tenki, pale maji yanatuama na vumbi likiwa limeziba kitundu cha kutolea yanaishia kuingia kwenye petroli. Woshi ambayo haipulizi hapo haijamaliza kazi.

Ubaya unakuja na nguvu yake. Kompresa nyingi za gereji zinajaza hadi psi 100 na ushee. Ukiweka mdomo wa bomba karibu na ekseli ya tairi, au pale usukani unapozungukia, au kwenye sili za shokapu, unalazimisha maji na vumbi kupita kwenye sili kuingia ndani, grisi inageuka uji, miezi michache mbele beringi inalia na mteja hakumbuki kama ilianzia kwako. Punguza presha kama kompresa yako ina regyuleta, kama haina shika bomba mbali, urefu wa mkono mzima, na upulize kwa ubavu maji yateleze kutoka, usipulize kwa kuelekeza ndani. Cheni pia usiipige karibu. Plastiki zenye stika pulizia kutoka katikati ya stika kwenda nje, ukianzia pembeni inabanduka na utailipa.

Kuna kitu kingine ambacho wenye woshi wengi hawakijui. Kompresa inapokandamiza hewa, unyevu uliomo unageuka maji na kujikusanya chini ya tenki lake, na zile zenye kulainishwa na oili zinachanganya na oili kidogo. Kama hujafungua ile valvu ya chini kumwaga, unachompulizia mteja ni ukungu wa maji machafu yenye kutu na mafuta, unamkaushia huku unamlowesha. Kabla ya pikipiki ya kwanza asubuhi puliza kwenye kitambaa cheupe, ukiona doa la njano au ubichi, fungua kule chini umwage mpaka itoke hewa tupu. Fanya kila siku, kwa kompresa ya mtu aliyefunga gereji ningeanza leo hiihii.

Na kufuta usiache. Upepo unasukuma tone kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ukishapuliza matundu pitisha kitambaa juu, ndio mteja wa Kibaigwa atarudi. Vijana wako wasichezeane na lile bomba, kupuliziana mwilini hewa ya presha ile inaweza kupasua ngoma ya sikio au kuingia chini ya ngozi penye kidonda, wakemee mapema.

SWALI: Fundi mambo, mimi ni dada nina saluni Area C, natembelea skuta kwenda kazini. Siku nikiiosha huwa naikausha kwa ile drai ya mkononi ya saluni, wateja wananicheka. Ni kosa?

JIBU: Poa dada. Waache wacheke, wazo lako halina ubaya ila lina mipaka. Kwenye swichi, kwenye tundu la ufunguo na kwenye mita iliyoingiza ukungu inafanya kazi nzuri, tumia hewa ya baridi au ya uvuguvugu na uwe unaisogezasogeza, joto kali likikaa sehemu moja plastiki ya skuta inalegea na stika zinajikunja. Kwenye tenki na eneo la petroli usiisogeze kabisa, ile mashine ndani ina waya mwekundu wa moto na brashi zinazotoa cheche, mvuke wa petroli hausubiri. Na usiisimamie na miguu mibichi kwenye sakafu yenye maji huku umeshika kitu cha umeme. Ukitaka kitu cha kudumu, mafundi kompyuta wanatumia kile kipulizio cha kutolea vumbi, kinatoa hewa nyingi isiyo na moto mkali wala presha ya kompresa, kwa skuta moja ya nyumbani hicho kinatosha sana, mimi ningekichagua kuliko kompresa. Mwili wa skuta futa tu, ni plastiki pana, dakika chache umemaliza.

SWALI: Fundi, kila nikitoka kuosha pikipiki yangu, TVS, inawaka kwa shida, ikiwaka inamisi, nikifika katikati ya safari inarudi kawaida yenyewe. Wa woshi anasema ni petroli mbaya. Niko Chamwino.

JIBU: Petroli mbaya haijui siku ya kuosha. Maji yameingia kwenye kofia ya plagi, umeme unakimbilia kwenye ubichi badala ya kuruka kwenye plagi, injini ikipata moto yanakauka ndio maana unapona njiani. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, ivute ile kofia ya raba, futa ndani na futa kile kidomo cheupe cha plagi, puliza, rudisha mpaka usikie imekaa. Raba ikiwa imepasuka badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Kama umefanya hivyo na bado inazingua, angalia ea klina, lile boksi lenye filta ya hewa, wale wa presha wanapenda kulenga pembeni pale, filta ikilowa injini inakosa pumzi, itoe uianike kivulini, usiwashe pikipiki bila filta eti unaikausha, kwa vumbi la Chamwino unaimwagia mchanga kwenye silinda. Mara chache maji yanafika mpaka kwenye bakuli la kabureta, hapo kuna skrubu ya kumwagia chini yake, lakini kazi hiyo mpe fundi kama hujawahi, na sigara iwe mbali.

Safari nyingine, kabla hujaikabidhi funga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa ekzosi na mwambie wa presha asilenge plagi, ea klina wala swichi. Ukitoka usisahau kuutoa mfuko.

SWALI: Naosha jioni, asubuhi cheni imepata rangi ya kutu. Mpwapwa huku. Nipake oili chafu?

JIBU: Oili chafu ya injini hapana, imebeba chembe za chuma na masizi, ikikutana na mchanga wa huko inakula sproketi. Kutu hiyo ya usiku mmoja ni ya juujuu tu, imetokea kwa sababu uliosha, ukatoa mafuta yote kwa sabuni, ukailaza mbichi. Ukimaliza kuosha izungushe tairi la nyuma kwa mkono, injini ikiwa imezimwa kabisa, sio kwenye gia, vidole vingi vimepotea hapo, huku umeshika kitambaa kikavu kwenye cheni mpaka kisitoke na maji. Zungusha mtaa mmoja ipate joto, kisha paka mafuta ya cheni upande wa ndani, ule unaogusa meno ya sproketi, subiri yaingie kisha futa yaliyozidi. Yaliyozidi ndio yanayokamata vumbi. Ile dawa ya kopo la bluu na njano mnayoipenda, WD-40, inafukuza maji vizuri lakini haikai, sio mafuta ya cheni, ukiitumia bado inabidi upake mafuta yenyewe. Na isiruke kwenye diski ya breki.

SWALI: Hayo madoa meupe yakishakauka miezi yanatokaje? Kisasa.

JIBU: Siki nyeupe moja kwa maji moja, lowanisha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja hivi, futa, suuza kwa maji mengi hapohapo na ukaushe kwa mkono. Fanya kivulini. Usiiache siki kwenye aluminiamu wala kwenye kroma, inakula. Likigoma mara mbili ujue limeshachimba rangi, hapo ni polishi. Ukishalitoa paka waksi, maji yanateremka yenyewe, unafuta kidogo.

SWALI: Nikishaosha naifunika turubai ili vumbi lisiikamate, iko sawa? Kijana wa Ipagala.

JIBU: Ikiwa kavu sawa, ikiwa mbichi hapana, unyevu unafungiwa humo ndani usiku mzima na asubuhi nati zote zina kutu. Iache wazi ndani au barazani mpaka injini ipoe na usipate ubichi ukipitisha kidole chini ya siti, ndio ufunike, na turubai lenyewe likung'ute kwanza, lina mchanga.